Pengo Baada ya Ritifaa

Kuna watu wanaosamehe kwa kulala tu. Wakiamka wameshasahau walichofanyiwa. Amulen binti Ecodu si wa kundi hilo, nami sitamsingizia wema asio nao. Miaka miwili na ushei alikaa na hasira yake, akiilisha, akiinywesha, na aliyemshauri amwachie Mungu alijibiwa kwamba Mungu ana kazi nyingi, hii moja Amulen mwenyewe atamsaidia.

Ukienda Tororo, huko Uganda, leo utamkuta kwenye kibaraza cha duka la mbegu, njia ya kwenda Rubongi. Ni mwanamke wa miaka thelathini na minane, mrefu, miwani imefungwa waya upande mmoja, na kompyuta yake ina kitambaa cha kufunikia kwa sababu ya vumbi la malori ya saruji. Kazi yake ni kuchapa: barua, programu za mazishi, katiba za vikundi vya akina mama. Hayo hata wengine wanayafanya. Linalomtoa mtu mbali ni kwamba Amulen anajua kumpa kila mtu herufi zake. Mhindi wa duka la vitambaa akitaka kadi ya harusi kwa Kigujarati, sheikh akitaka Kiarabu kando ya Kiswahili, dereva wa Eritrea aliyefiwa safarini akitaka jina la ndugu yake liandikwe kama linavyoandikwa kwao, wote wanaelekezwa kwake. Kwingine hupewa karatasi iliyojaa visanduku vitupu, na mwenye kompyuta anaapa kwamba ni kosa la umeme.

Si uchawi. Watu wengi hudhani ukichagua fonti, yaani umbo la herufi, pale juu, karatasi nzima imekutii. Thubutu. Programu ya kuandikia inaitazama kila herufi na kuiuliza, wewe ni wa wapi? Ya Kilatini inapewa fonti yake, ya Kiarabu yake, ya Kichina yake, hata kama wewe umechagua moja tu na kujiona bosi. Na fonti ikiwa haina herufi inayotakiwa, kompyuta haikuambii; inakwenda kimya kimya kuomba kwa fonti nyingine, kama mtu aliyeishiwa chumvi. Ikikosa kwa majirani wote ndipo inachora kisanduku. Amulen alijifunza hayo kwa kuharibu karatasi nyingi na kugombezwa sana, na aliyekuwa akimgombeza ni Clifford Wanjala.

Clifford. Jina hilo nikilitaja mimi mwenyewe natamani kutema mate.

Alikuwa na maduka mawili ya kuchapa Busia, moja kila upande wa mpaka. La Kenya alilishika mwenyewe, kwa kuwa lilikuwa na printa nzuri na umeme wa kuaminika. La Uganda alimwachia Amulen miaka tisa. Wateja walikuwa wafanyabiashara wanaovuka kila siku na mitumba, samaki, mayai, na kila mmoja alitaka barua: ya kusindikiza mzigo, ya kumtambulisha kwa mnunuzi, ya kuomba muda zaidi. Chini ya kila barua paliandikwa jina la mwandishi na sahihi yake, maana wengi wa wateja hawakujua kuandika. Mkono wa Amulen ulijulikana pale mpakani. Wakiuona, watu walijua kilichoandikwa ndicho mteja alichosema.

Umeme wa upande wa Uganda ukikatika, kazi haikusimama. Amulen aliandika kwenye laptopu mpaka betri ikaishiwa, akazifunga fonti zake zote ndani ya faili ili mashine nyingine isizichezee, akalitia faili kwenye flashi, na boda boda akaivusha. Pamoja na flashi alituma karatasi tupu alizokwisha kutia sahihi chini, kumi au ishirini kwa mkupuo, ili Clifford achape maneno juu ya sahihi na mteja apate barua yake bila Amulen kuvuka. Mpakani pale hakuna aliyeshangaa. Kila duka lilifanya hivyo. Mtu wa Kampala angeshika kichwa.

Mwaka wa tisa Amulen akamwambia Clifford kwamba Januari atafungua duka lake mwenyewe. Alimwambia kwa heshima, akimwita bosi, akampa miezi mitatu ya kutafuta mtu mwingine. Clifford akacheka, akampongeza, akamnunulia soda. Wiki mbili baadaye laptopu ya mteja iliyoletwa kutengenezwa ikapotea. Clifford akaitisha kikao kwa mwenyekiti wa mtaa, mzee Osinya, na mbele ya watu akatoa barua.

Barua ilikuwa ya Kiswahili, ukurasa mmoja. Mimi Amulen binti Ecodu nakiri kwamba niliiba laptopu na kuipeleka ng'ambo. Huko ng'ambo niliiuza. Sasa nimeng'amua kosa langu. Baba yangu atatoa ng'ombe mmoja kuwa fidia. Mzee Osinya aliisoma kwa sauti, akijikwaa kila alipofika kwenye ng'ambo na ng'ombe, na watu wakadhani ni macho ya uzee. Chini palikuwa na sahihi. Clifford akasimama, akasema kwa sauti ya mtu anayezuia machozi kwamba msichana mwenyewe ameiandika na kuichapa, siku ya Ijumaa saa kumi, mezani pake upande wa Uganda, na yeye Clifford alikuwa amesimama nyuma ya kiti chake. Mwenyekiti akamuuliza Amulen kama sahihi ni yake. Akaitazama. Ilikuwa yake. Akasema ndiyo, ni yangu, lakini maneno si yangu, na hiyo lakini hakuna aliyeisikia.

Alipoeleza habari ya karatasi tupu, watu wakacheka. Mtu mwenye akili zake atatiaje sahihi mahali pasipo na neno? Wafanyabiashara walioijua desturi hiyo walikuwapo, na wote wakatazama viatu vyao. Kila mmoja alikuwa na barua za namna hiyo nyumbani, na forodha iko hatua chache kutoka pale. Nawaelewa, lakini siwasamehe, na Amulen hakuwasamehe pia.

Hata hivyo, hayo yote angeyameza. Lililomkaa kooni ni baba yake. Papa Ecodu ni katekista kule Rubongi, mtu wa haki, mtu anayepatanisha wenzake wakigombania mpaka wa shamba. Aliletewa habari, akaja Busia, akaomba aione barua. Akaisoma mara mbili, akaikunja, akaitia mfukoni. Amulen alimkimbilia njiani, akamshika mkono, akamwambia kwa Kiteso: Papa, sikuiba. Mzee akautoa mkono wake. Kesho yake akamfungua ng'ombe wake wa maziwa, yule mwekundu, akampakia kwenye pikapu mpaka Busia, akamkabidhi Clifford kamba mbele ya watu. Kisha akamwambia binti yake asikanyage ua wake mpaka siku atakapoleta ushahidi kwamba ile karatasi ni ya uongo.

Basi Amulen akabaki na haja mbili tu duniani: Clifford avuliwe nguo mbele ya watu walewale, na lango la Rubongi lifunguliwe na mkono uleule uliolifunga. Busia hakupata kazi tena. Lisemwalo lipo, walisema wateja wake wa miaka tisa, wakavuka upande wa pili wa barabara. Akahamia Tororo, akaanza upya kwenye kibaraza. Jumapili alikwenda kanisani na kusali vizuri, isipokuwa pale pa kuwasamehe waliotukosea. Hapo alifunga mdomo, akasubiri wenzake wamalize.

Mwezi wa pili mwaka huu akaja msimamizi wa Kichina kutoka kwenye ujenzi mmoja wa karibu, mtu mpole, na laptopu yake mwenyewe. Alitaka tangazo la lugha mbili, Kichina juu, Kiswahili chini: usivuke ng'ambo ya uzio. Amulen akaandika kwenye laptopu hiyo. Akatazama. Akasogeza miwani. Neno lilikuwa limekatika. Baada ya kile kimkia cha juu palikuwa na pengo ambamo ungeweza kupitisha punje ya mchele: ng'   ambo.

Hapo lazima nieleze, maana ndiyo kiini cha habari yote. Kile kimkia ambacho vitabu vya shule vinakiita ritifaa hakina kabila. Herufi A ina kwao, kompyuta inajua. Herufi ya Kichina ina kwao. Lakini ritifaa inatumiwa na wote, kwa hiyo programu ikikutana nayo inabidi iamue: hapa tuko kwa nani? Mashine iliyozoeshwa Kiingereza inaipa fonti ya Kilatini, nyembamba, na mambo yanakwisha. Mashine iliyozoeshwa Kichina inasema huyu ni wetu, inaipa fonti ya Kichina, na kwa Mchina kila alama hukaa kwenye chumba chake kamili, ndogo kwa kubwa. Ndiyo maana neno linabaki na pengo. Mwenye mashine asiyetazama herufi hawezi hata kuliona.

Amulen aliondoa pengo, akamchapia mtu wa watu tangazo lake safi, akamuaga. Kisha akaketi kibarazani. Alikuwa amemkumbuka mzee Osinya akijikwaa. Ng'... ambo. Ng'... ombe. Yale hayakuwa macho ya uzee. Mezani pake yeye, miaka tisa, hakuna ritifaa hata moja iliyowahi kutoka hivyo, kwa sababu aliipanga ile mashine kwa mkono wake, lugha kwa lugha. Lakini duka la Kenya, miezi michache kabla ya barua ile, lilipata mteja mkubwa: karani wa Wachina wa barabara, aliyekuja kila siku kuchapa, na Clifford akamwekea Kichina kwenye mashine ili asimpoteze.

Alihitaji barua yenyewe, na barua ilikuwa ndani ya ua asioruhusiwa kukanyaga. Ana mdogo wake, Dorah, anayekaa na mzee. Akampigia simu, akamwambia alete karatasi ile bila kuuliza. Dorah akaitoa katikati ya Biblia ya baba yake, akaja nayo ndani ya kikapu cha unga. Amulen akaifungua juu ya meza. Ng'ambo ya kwanza, pengo. Ng'ambo ya pili, pengo. Nimeng'amua, pengo. Ng'ombe, pengo. Akacheka. Dorah amesimulia kwamba kicheko kile kilimtia baridi, na kwamba aliomba karatasi irudishwe, na Amulen akamwambia itarudi na mwenzake.

Mtu mwingine angekimbilia Busia siku hiyohiyo kupiga kelele. Amulen hakukimbia. Alimtuma Dorah, ambaye Clifford hakumjua, avuke na tangazo la mkono la kamati ya mazishi, la kubuni, lililojaa ng'ombe na ng'ambo. Clifford akalichapa huku anaongea na simu. Likarudi na mapengo yote. Kisha Amulen akaanza kuwazungukia wateja wake wa zamani, mmoja mmoja, wale waliotazama viatu. Hakuwalaumu kwa mdomo. Aliketi, akakubali chai, akaomba tu barua za mwaka ule, zile alizoziandika yeye upande huu na zile zilizoandikwa na Clifford upande ule. Walizitoa haraka kuliko alivyotegemea. Aibu nayo ina mbio zake. Baada ya miezi miwili alikuwa na bahasha nene.

Ndipo akaenda kwa mzee Osinya. Mwenyekiti hakufurahi.

"Hii kesi ilikwisha," akamwambia. "Ng'ombe nakwenda, maneno nakwenda. Sasa wewe naleta nini mpya?"

Amulen akajibu kwa upole kwamba haleti neno lolote. Anaomba tu kikao, na bwana Clifford aulizwe arudie alichosema. Kama neno lake ni lilelile, yeye ataomba radhi mbele ya watu na kukubali wizi. Mzee akakubali. Mtu hakubali wizi hivihivi tu, na Osinya si mjinga.

Kikao kikakaa siku ya soko. Clifford alikuja na koti, akiwasalimia watu kwa majina. Akarudia, tena akapamba: Ijumaa, saa kumi, mezani pake upande wa Uganda, kibodi ilikuwa ileile nyeusi, karatasi ilitoka kwenye printa yake ya pale, bado ina joto. Mwenyekiti akamuuliza kama ana hakika haikuchapwa mahali pengine. Clifford akasema anaapa kwa kaburi la mama yake. Amulen alikuwa ameinamisha kichwa, na waliokuwa karibu walidhani analia. Alikuwa anasubiri Clifford atie mguu wa pili ndani ya mtego.

Akainuka, akafungua bahasha. Hakuhutubu. Alipanga karatasi kwenye benchi safu mbili, akamwita mama mmoja muuza samaki asiyejua kusoma, akamwambia aonyeshe kwa kidole wapi maneno yamekatika. Yule mama hakuhitaji kusoma ili kuona nafasi nyeupe. Safu ya mezani pa Amulen, hakuna. Safu ya duka la Kenya, hapa, hapa, na hapa. Kisha Amulen akamwekea ya mwisho, barua ya wizi, bila kusema ni ipi. Kidole cha muuza samaki kikagusa mara nne.

Clifford akasema huo ni utoto, printa hukohoa, karatasi huvuta unyevu. Mzee Osinya akanyanyuka, akachukua fimbo yake, akasema twende tukaone. Wakatoka wote, watu arobaini hivi, wakaingia duka la Clifford la upande wa Uganda, kompyuta ileile, na msichana mgeni kwenye kiti. Mwenyekiti akamwambia aandike: ng'ombe wa Ecodu alikwenda ng'ambo. Ikatoka safi. Akaikunja, akaiweka mfukoni, akaelekea mpakani, na kundi lote nyuma yake, kila mmoja na kitambulisho chake mkononi. Maofisa waliuliza ni harusi au ni msiba. Upande wa Kenya mzee alisimama mlangoni mwa duka, akavua kofia, akasema huku yeye hana cheo, ni mteja. Akaomba maneno yaleyale. Clifford akasema umeme hakuna. Taa ilikuwa inawaka juu ya kichwa chake. Jirani yake mmoja akakaa kwenye kiti, akaandika, akachapa. Ng'   ombe wa Ecodu alikwenda ng'   ambo.

Mzee Osinya akaziweka karatasi hizo mbili na barua ya wizi juu ya kaunta, moja kando ya nyingine. Clifford akaanza kusema labda msichana alivuka siku ile, labda alikuja kuchapia huku. Mwenyekiti akamkata.

"Ulisema meza yake. Mara mbili umesema. Leo umeongeza na mama yako ya kaburini."

Njia ya mwongo ni fupi, na ya Clifford ilikuwa imeishia kwenye kaunta yake mwenyewe. Akamwomba Amulen watoke nje waongee wawili. Amulen akamwambia hana la kuongea na yeye wawili. Alilofanyiwa alifanyiwa mbele za watu. Basi ikabidi aseme palepale. Laptopu aliisahau yeye mwenyewe kwenye boda boda, akitoka kunywa. Mwenye laptopu alikuwa mtu mkali, naye Clifford akaogopa, tena alikuwa na uchungu kwamba Amulen anaondoka na wateja. Katikati ya makaratasi yake palikuwa na moja iliyobaki, tupu, yenye sahihi. Ndivyo ilivyokuwa, akasema, shetani alimpitia. Siku zote shetani hupita mahali penye karatasi tupu.

Kuna waliosema basi, inatosha, amekiri, tumwombee. Mchungaji mmoja alikuwa ameshanyoosha mkono. Amulen akasema bado. Akaichukua barua ya wizi pale kaunta, akampa Clifford, akasema turudi upande wa Uganda, kwenye baraza ileile, na aisome kwa sauti. Na kila akifika penye pengo asimame, aseme: hapa niliandika mimi, Clifford Wanjala. Mwenyekiti akaona ni haki.

Akasoma. Mimi Amulen binti Ecodu nakiri kwamba niliiba laptopu na kuipeleka ng'. Akasimama. Hapa niliandika mimi, Clifford Wanjala. Ambo. Mara ya kwanza watu walicheka. Mara ya pili walicheka zaidi, na wauza nyanya wakaacha vibanda vyao kuja kusikia. Mara ya tatu sauti yake ilikatika, na hakuna aliyecheka tena, ila Amulen aliyekuwa amesimama mbele yake, karibu kabisa, akimtazama mdomoni. Alipofika kwenye ng'ombe koti lilikuwa limelowa mgongoni. Amulen akamwambia hakusikika vizuri, arudie tangu mwanzo. Akarudia. Sitasema uongo hapa: ilimfurahisha, kila silabi, na hata leo ukimuuliza atakuambia ilimfurahisha.

Ng'ombe mwekundu alishaliwa Krismasi ya mwaka uleule. Mwenyekiti akaamua Clifford atoe mwingine na ndama juu yake, na Amulen akaenda mwenyewe kwenye zizi lake kuchagua. Alichagua yule ambaye watoto wa nyumba walimwita kwa jina. Mke wa Clifford alisimama mlangoni na ndoo ya maziwa. Huo nao haukuwa wema, lakini nilishakuambia.

Jumamosi pikapu ikasimama nje ya ua wa Papa Ecodu, ng'ombe nyuma, ndama kafungwa kando yake, Amulen mbele na dereva. Hakuingia. Alisimama upande wa barabarani, akamwita mzee kwa jina la heshima, akampitishia barua na zile karatasi za Osinya juu ya lango. Akamweleza habari ya ritifaa kwa Kiteso, polepole. Mzee akatazama kila ukurasa, akalipima pengo kwa ukucha wa kidole gumba, akalipima tena. Alikuwa mtu wa haki, na alipoona haki yake ilimkosea mtu alilia wazi, machozi yakishuka kwenye ndevu, mbele ya dereva na Dorah na majirani waliokuwa wameanza kusogea. Akaondoa kizuizi cha lango kwa mkono wake mwenyewe, akalisukuma mpaka mwisho.

"Ingia, mwanangu," akasema. "Mbona hukunionyesha hii mapema?"

Amulen alikuwa ameisubiri siku hiyo miaka miwili na ushei. Alishaipanga yote kichwani: ataingia, atakaa kwenye kiti cha mama yake marehemu, atakula, na watamwombea. Lakini swali lile likampiga mahali ambapo Clifford, pamoja na ubaya wake wote, hakuwahi kufika. Clifford alikuwa mtu baki tu. Alimpoka kazi na jina, na jina amelirudisha huku akitoka jasho. Amulen akatambua, amesimama pale langoni, kwamba hasira aliyoilisha muda wote huo haikuwa ya Clifford, au si yote.

"Sikuwa nayo, Papa," akasema. "Nilikuwa na mdomo wangu tu. Nilikuambia njiani kwamba sikuiba."

"Karatasi ilikuwa na sahihi yako."

"Ile karatasi uliijua asubuhi moja. Mimi ulinijua miaka thelathini na sita."

Dorah akasema kwa sauti ndogo kwamba kuku ameiva na kiti kimeshawekwa. Majirani wakaanza kumsukuma Amulen kwa maneno, baba ni baba, ingia ule, mambo yamekwisha. Amulen akamteremsha ng'ombe kwenye pikapu, ndama akafuata mwenyewe. Akamtia baba yake kamba mkononi, akayakunja yale makaratasi vizuri, akayaweka kwenye mkono wa pili, ili asije akakosa ushahidi siku nyingine. Kisha akapanda gari. Dereva akamuuliza kama hawali kwanza, maana alikuwa na njaa na kuku alikuwa ananukia mpaka barabarani. Akamwambia awashe.